Kuhusu Gitaa Langu Kugeuzwa Jiko la Vifaranga

Njiro, Arusha,
Julai 1997.

Kwa Mzee Elifuraha,
Msimamizi wa Ndoa Yetu,
Ngaramtoni.

Mheshimiwa Msimamizi,

YAH: OMBI LA AMPILIFAYA YANGU NA SPONJI YAKE KURUHUSIWA KUTOKA BANDANI KWA SIKU MOJA

Shikamoo. Na kuna shikamoo nyingine ya Mama Fransiska, naomba umfikishie kabla hujaendelea kusoma, maana barua hii ni ndefu na mimi nakujua, ukishaanza kucheka unasahau watu. Sisi hapa Njiro hatujambo. Baridi ya mwezi huu inashuka kutoka mlimani na kuingia ndani bila hodi, lakini makoti yapo na chai ipo.

Ni mimi Abdiel, ambaye siku ya harusi yangu ulisimama kando yangu ukiwa umeshika pete, na ukatamka mbele ya mchungaji na kwaya mbili kwamba nyumba hii ikitikisika, wewe ndiye wa kuitwa. Miaka yote hii sijakuita. Hedwiga alipoamua kwamba kiti changu cha uvivu kinatia aibu mbele ya wageni, akakipeleka uani, sikukuita. Alipogawa shati langu la bendi lenye kola pana kwa mtu wa kukata majani, bado sikukuita. Leo nakuita, tena kwa maandishi, kwa sababu ukija mwenyewe utapewa trei ya mayai ya kubeba, na mtu mwenye trei ya mayai mapajani hawezi kuamua kwa haki.

Ombi langu ni moja tu. Jumamosi ile ya kumuaga binti yako Blessing, wewe mwenyewe umenialika nije nipige gitaa pamoja na wenzangu wa bendi yetu ya zamani ya kiwandani. Umeniandikia kwamba mchungaji ametoa ukumbi wa usharika kwa sharti moja, kwamba gitaa lisisikike ng'ambo ya ua wa nyumba yake. Sharti hilo Arusha nzima naliweza mimi peke yangu, kwa sababu ninayo sponji. Lakini sponji imefukiwa katikati ya vifaranga vya mke wangu, na mke wangu amesema haitoki humo hata kwa barua ya Askofu. Ndiyo sababu najaribu kwa barua ya msimamizi.

Ili usije ukasema hukuelezwa, naanzia mwanzo.

Kiwanda chetu kilipouzwa, nasi tukapunguzwa, siku ya kuagana kila mtu aliruhusiwa kuondoka na kitu kimoja cha stoo kama kumbukumbu. Wenzangu walikuwa na akili. Mmoja alichukua baiskeli, mwingine meza ya droo, mwingine pampu ya maji ambayo leo inamlisha. Mimi niliyekuwa mtunza stoo, tena mpiga solo wa bendi ya kiwanda, nilichukua ampilifaya. Hedwiga alinipokea getini, akaitazama, akauliza inafanya nini. Nikamwambia inakuza sauti ya gitaa. Akauliza tena, baada ya hapo inafanya nini. Sikuwa na jibu, nami nakiri kwamba tangu siku ile amekuwa akilitafuta jibu hilo kwa niaba yangu.

Sasa, ampilifaya hii si kama hizi za plastiki zilizojaa madukani tangu milango ya biashara ifunguliwe. Ni ya vali, zile taa za vioo zinazowaka kwa ndani, na kuinyanyua kunataka wanaume wawili wasiogombana. Nayo ina tabia yake. Ukiifungua kidogo, gitaa linatoa sauti kavu na nyembamba, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo huku amechelewa basi. Ukiifungua mpaka mwisho, vali zikachemka, sauti inanenepa. Inakwaruza kidogo pembeni. Noti moja inakaa hewani mpaka wewe mwenyewe uiruhusu ishuke. Utamu wote uko pale mwisho, Mzee, hakuna njia ya mkato. Na ukifika pale mwisho, vioo vya madirisha vinacheza na mbwa wa mtaa mzima wanataka kujua kuna nini.

Jirani yangu Bwana Kasaine, anayefanya kazi kwenye shirika la misaada, alikuja Jumapili moja alasiri kunisalimia. Alikunywa chai vikombe viwili, akaongelea mvua, akaongelea bei ya nyasi za ng'ombe, akaniaga vizuri kabisa. Alipofika getini ndipo akageuka na kuniuliza kwa upole kama jenereta niliyonunua inatumia dizeli au petroli. Nilielewa. Wiki hiyohiyo kuku wa mayai wa Hedwiga wakaanza kutaga mayai laini yasiyo na ganda, na bwana mifugo alipoitwa akaandika kwenye karatasi yake kwamba kuku wana hofu. Hedwiga akaibandika karatasi hiyo juu ya ampilifaya kwa selotepu.

Nilikwenda Levolosi kwa fundi redio wangu, Simel, nikiwa nimekata tamaa. Simel akanieleza kwamba ampilifaya haina haja ya kufungwa. Iache ifunguke mpaka mwisho, ichemke inavyotaka, ila katikati yake na spika uweke kitu cha kunywa ile nguvu, ili spika ipate tone tu. Kwenye vitabu kitu hicho kinaitwa atenyueta. Simel anakiita sponji, nami nimelishika jina hilo. Alinitengenezea kwa koili za majiko ya umeme mabovu, akazipanga ndani ya bati kubwa la biskuti lenye matundu, na juu akaweka swichi ya kuzungusha ili uchague ni kiasi gani kinywewe na kiasi gani kipite.

Siku ile nilipoiunganisha sebuleni, karibu nilie. Ampilifaya ilidhani inapiga uwanja wa mpira, kumbe spika inanong'ona. Sauti ni ileile nene, yenye mkwaruzo uleule, na Hedwiga alikuwa chumba cha pili anasikiliza taarifa ya habari bila kupandisha redio. Kasaine akarudi kunisalimia kama binadamu. Kuku wakarudisha maganda kwenye mayai. Nilijiona nimeyaweza maisha.

Lakini ile nguvu ikishanywewa na sponji haipotei. Inageuka joto. Hedwiga alipita na beseni la nguo, akaweka kiganja juu ya bati, akanyamaza. Wewe humjui Hedwiga akinyamaza mbele ya kitu, Mzee. Ujue mradi umezaliwa.

Njiro nzima siku hizi ni miradi. Ukiona ukuta mrefu na geti la bati, usidhani mna mtu anapumzika ndani. Mna nguruwe, au mna gereji, au mna karani wa serikali kama mke wangu anayetoka ofisini mchana na kuingia bandani na viatu vyake vya ofisini. Hedwiga alikuwa anahangaika na vifaranga wa siku moja wanaokuja na boksi kwa basi. Akiwawekea jiko la mkaa, moshi unawaua. Akiwawekea balbu kubwa, mwanga ukizidi wanadonoana mpaka damu. Sponji ina joto la kiasi, haina moshi na haina mwanga. Kwa hiyo hakuniuliza. Nilirudi kutoka kununua nyuzi za gitaa nikakuta bati langu la biskuti liko katikati ya bruda, ule mduara wa hadibodi anamolelea vifaranga, na waya umepitishwa dirishani.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Nayapanga kwa namba ili usiruke hata moja.

1. Nimehamishwa. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo ampilifaya imefuata sponji, na mimi nimefuata ampilifaya. Sasa napigia kwenye korido ya stoo, juu ya stuli, kati ya gunia la pumba na ndoo ya dawa ya mharo. Nimepiga mbele ya mawaziri, Mzee. Nimepiga siku ya kiwanda na watu wakapanda juu ya meza. Leo nikitaka kugeuza shingo ya gitaa lazima kwanza nisogeze mashudu.

2. Sichagui nyimbo. Hili ndilo linaloniuma sana, hivyo nitalieleza taratibu. Sponji haipati joto kwa huruma, inapata joto kwa kadiri ninavyopiga. Nikikung'uta sebene kwa nguvu, nyuzi zote, vifaranga wanajinyoosha na kulala wametandaza mabawa. Nikipiga wimbo wa taratibu, noti moja hapa na nyingine kule, bati linapoa, na vifaranga wanaanza kupandiana juu ya mwenzao mmoja. Hedwiga hapo hasikii wimbo, anasikia baridi. Ananikata katikati na kuagiza ya moto. Nilijaribu Jumapili jioni kupiga tenzi, nikijua yeye ni Mlutheri tangu tumboni, hawezi kukataa. Alisema tenzi ni za kanisani, hapa tunataka joto, na Mungu anajua.

3. Ninaongozwa kwa mkono. Kwa kuwa vifaranga wakisikia mtu anapaza sauti wanashtuka, Hedwiga anasimama mlangoni mwa banda na kuniashiria. Kiganja kikipanda, niongeze. Kikishuka, nipunguze. Kikizunguka, nirudie palepale mpaka atakaponiambia. Bendi yetu ilikuwa na kiongozi aliyesomea muziki nje ya nchi, na hakuwahi kunizungushia mkono namna hiyo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba anapatia. Juzi alinizungushia mkono kwenye sehemu ambayo nilikuwa naichoka, nikairudia kwa hasira, kikatoka kitu ambacho sijawahi kukipiga maisha yangu yote. Sikumwambia.

4. Wageni. Kina mama wa kikundi chao walikuja kuona bruda ya kisasa. Walisimama pale koridoni na madaftari, mimi napiga, tena napiga vizuri, vali zimechemka, sauti iko pale ninapoitaka mimi. Hakuna aliyetikisa hata kichwa. Mmoja, Mama Namelok wa pale juu, aliinama akaangalia nyuma ya stuli yangu, halafu akamuuliza Hedwiga kama mimi ninakula umeme mwingi. Mwingine akataka kujua nimepatikana wapi, na kama wapo wengine. Hedwiga alijibu kwamba mimi ni wa zamani, siku hizi hawatengenezwi tena. Walicheka mpaka wakashikana mikono. Mimi nilikuwa kwenye sebene, siwezi kusimama kujitetea, vifaranga wangepoa.

5. Ushuhuda. Vifaranga hawa wamekua kuliko wote aliowahi kuwalea. Hilo silikatai, tena nasema kwa haki, wamependeza, wana mabawa yanayong'aa na macho ya watoto waliolala vizuri. Basi Hedwiga akasimama kwenye ushirika wa akina mama kutoa shukrani. Akamshukuru Mungu, ni sawa. Akamshukuru bwana mifugo, haya. Akamshukuru Simel fundi wa Levolosi kwa bati lake. Kisha akakaa. Nilikuwa nje dirishani nimemletea mwavuli, nikasikia yote. Nilisubiri hata neno moja juu ya mtu aliyekuwa anawasha lile bati kwa vidole vyake mpaka vikaota sugu mpya juu ya sugu za zamani. Nilirudi nyumbani na mwavuli wangu, mvua ikaninyeshea kwa makusudi yangu mwenyewe.

6. Sasa shika moyo, Mzee. Kwa sababu ya ile mvua nilipata mafua nikalala. Nikajisemea moyoni, leo ndiyo leo, leo watanijua. Leo atakuja kando ya kitanda na kuniambia Baba Lucky, vifaranga wanakulilia. Nilijiandaa kabisa kukataa mara mbili na kukubali mara ya tatu. Sikuitwa. Nikasikia kutoka koridoni mvumo mmoja mrefu, usiokatika, kama nyuki waliopewa kazi. Nilijikokota na blanketi. Nikakuta Hedwiga ameliegemeza gitaa langu kwenye spika, amelibana shingo kwa kibanio cha nguo, na gitaa likisikia spika linatetemeka, na likitetemeka spika inazidi, na zote mbili zinazungushana hivyohivyo bila mtu. Bati lilikuwa la moto kuliko siku zote. Vifaranga wamelala wametandaza mabawa. Hedwiga alikuwa ameketi anafuma vitambaa.

Mzee Elifuraha, kiwanda kiliponipunguza nilisema ni mambo ya dunia, ni soko huria, wakubwa wamekaa wakaamua. Lakini kupunguzwa kazi mara ya pili, ndani ya nyumba yangu, na kibanio cha nguo, sikuwa nimejiandaa. Nilimuuliza Hedwiga kwa upole kama sasa mimi sina kazi. Alisema nina kazi ya kupona, halafu kuna magunia ya maranda yanatakiwa kubebwa kutoka kwa fundi seremala. Roho iliniuma nikarudi kulala.

Utaniuliza, kwani wewe Abdiel ulikuwa unalalamikia kupigishwa gitaa, sasa unalalamikia kutopigishwa, tukuelewe vipi. Swali zuri. Jibu lake ni kwamba ninalalamikia yote mawili, na kila moja lina haki yake.

Kwa kuzingatia hayo, naomba uamue yafuatayo, ukisaidiwa na Mama Fransiska ambaye naye ni msimamizi na ana jicho la haki kuliko wewe, usiudhike.

Mosi, itamkwe wazi kama mimi ni mume au ni jiko. Ikiwa ni mume, niulizwe kabla vitu vyangu havijapelekwa bandani. Ikiwa ni jiko, basi nipewe haki za jiko. Jiko halitumwi maranda. Jiko haliulizwi mbona leo limenuna. Jiko likipoa, watu ndio wanaoinama kulipuliza, tena kwa adabu, na hakuna anayeliambia likoge kwanza.

Pili, vifaranga watambuliwe rasmi kuwa ni wasikilizaji. Wamesikia muziki wangu kuliko binadamu yeyote tangu bendi ivunjike. Na wakishatambuliwa kuwa wasikilizaji, wafuate adabu za wasikilizaji, yaani wavumilie wimbo wa taratibu kama watu wengine wanavyovumilia, wakisikia baridi wavae sweta. Hedwiga anajua kufuma.

Tatu, ikiwa ni wasikilizaji wangu, basi siyo haki kuwauza hotelini wakishakuwa wakubwa bila kunishirikisha. Sijawahi kuona mwanamuziki ambaye mashabiki wake wote wanakwenda kukaangwa na yeye anaombwa awabebe mpaka kwenye gari. Ikibidi wauzwe, nipewe nafasi ya kuwapigia mara ya mwisho kitu ninachokichagua mimi, na muda wa kutosha, na mtu asinyooshe mkono.

Nne, kile kibanio cha nguo kirudi kwenye kamba.

Tano, na hili ndilo ombi lenyewe, hayo mengine yote unaweza kuyapunguza ukitaka: hiyo Jumamosi ya Blessing, ampilifaya na sponji vitoke. Bila ampilifaya mimi ni mzee mmoja mwenye kipande cha mbao. Bila sponji nitachagua kati ya mawili, ama nipige kwa sauti ile nyembamba wenzangu waseme Abdiel amekwisha, ama nipige kwa sauti yenyewe mchungaji azime umeme kabla bibi harusi hajaingia. Wenzangu wa bendi hatujakaa jukwaa moja tangu kiwanda kiuzwe. Wa bezi ana kibanda chake cha kinyozi Ngaramtoni, wa ngoma anachunga ng'ombe wa mkwewe. Wote wameniuliza swali hilohilo moja, kama nitakuja na ile sauti. Nimewaambia ndiyo. Sikuwaambia kwamba ile sauti inalea watoto.

Hedwiga anasema wiki hiyo atakuwa na vifaranga wachanga kabisa, na siku moja ya baridi inatosha kuwamaliza. Najua hasemi uongo, baridi ya hapa naijua. Lakini na mimi nina siku moja tu.

Nakuomba umwandikie, au umwite, au upite hapa, na ukipita trei ya mayai ikatae kwanza. Nina imani na uzito wa neno lako, kwa sababu siku ya harusi ulipotuusia ulisema mume na mke wavumiliane katika vitu vidogo, nami nakukumbusha kwamba ampilifaya yangu ni ya watu wawili kuinyanyua.

Msalimie Mama Fransiska mara ya pili. Msalimie Blessing, mwambie asiolewe na mtu asiyejua jibu la swali la ampilifaya inafanya nini. Wasalimie wa bezi na wa ngoma ukiwaona gulioni. Wasalimie wazee wa kanisa, wasalimie ng'ombe wako yule mwenye pembe moja, naona naye ananijua. Lucky wetu anakusalimu kutoka shuleni. Kasaine hapa jirani hakufahamu, lakini aliponiona naandika kwa hasira alisema nikuletee salamu.

Nabaki kuwa yule uliyemshikia pete, mwenye heshima zote na vidole vyenye sugu,

Abdiel
(Mpiga solo, zamani wa bendi ya kiwanda, kwa sasa koridoni)

N.B. Barua hii nilimpa Hedwiga aitume posta, maana ndiye anayekwenda mjini kila siku. Nilisahau kuifunga. Ameisoma yote, tena ndani ya saa za kazi. Aliporudi nayo akanipakulia chakula, akaniongezea nyama, nikajua nimekwisha.

Jana nilitoka kufuata maranda. Niliporudi banda lilikuwa kimya. Amewahamishia vifaranga wote kwa Bwana Kasaine, ambaye kumbe ana hita ya gesi aliyoachiwa na mzungu wake, na amekubali kukaa nao mpaka Jumapili baada ya sherehe yenu. Ampilifaya nikaikuta sebuleni. Sponji imepanguswa kila tundu, imefungwa kwenye khanga, iko juu ya meza ya kahawa. Hata kiti changu cha uvivu kimerudishwa ndani. Kwa hiyo nimepewa yote niliyoomba, na mengine ambayo sikuyaomba.

Nilikaa nikaunganisha. Nikafungua mpaka mwisho, nikaacha sponji inywe, nikapiga ule wimbo wetu wa taratibu ambao huko koridoni nilikuwa sipewi nafasi nao. Ulitoka vizuri, Mzee, ulitoka vizuri mno. Ubeti wa kwanza haukuisha nikajikuta nimesimama na gitaa shingoni naenda bandani kuangalia kama wamepata baridi. Hakukuwa na kitu, maranda matupu. Hedwiga alikuwa ameketi humo peke yake juu ya gunia la pumba, na mlango ulikuwa wazi upande wa sebule.

Aliniuliza mbona nimeacha. Nikasema nilidhani nawasikia vifaranga. Akasema nirudi nikamalizie, kwa sababu huo wimbo yeye mwenyewe ndiye huwa anaukata kila siku, na muda wote huu amekuwa akilala na hamu ya kujua unaishia vipi.

Basi malalamiko yangu, la kwanza hadi la sita, yafute. Ningeichana barua, ila stempu zimeshabandikwa na gundi ya siku hizi haitoki. Jumamosi tutakuja wote, tafadhali awekewe kiti pale ambapo nitaweza kumwona, na Jumapili mapema nitakwenda mwenyewe kwa Kasaine kuwachukua wale vifaranga, wasije wakazoea gesi.

Nilirudi sebuleni nikaupiga mpaka mwisho. Huo mwisho wenyewe nilikuwa nimeshausahau, ikabidi nitunge mwingine papo hapo. Hedwiga alisema ndivyo hivyohivyo alivyokuwa akidhani utaisha.